Mtandio Haukudondoka

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mdogo wangu mpendwa Chiriku,

Pokea salamu zangu mapema, kabla hujafika kwenye mengine, maana nikizichelewesha hadi chini huenda ukawa huzitaki tena. U hali gani huko? Kile kikohozi ulichoniandikia mwezi uliopita kimekuacha, au bado mnaishi pamoja? Na hao wenzako wa tawi jipya wameshakuzoea, au bado wanakuomba upunguze sauti? Sisi huku hatujambo. Mama goti lake ni lile lile. Likiuma anasema mvua inakuja, na mvua isipokuja anasema goti limekosea siku. Anakusalimu sana. Sasa hivi amekaa mlangoni anachambua mchele, anasikia kalamu yangu ikikwaruza, na anadhani nakuandikia habari za kawaida.

Habari za kawaida zipo, basi nizimalize kwanza. Karakana imepata kazi ya sare za wauguzi, kwa hiyo tangu mwezi jana nakata buluu tu, hata nikifumba macho naona buluu. Mama Pasi amepata mjukuu na hanyooshi hata kola moja bila kutuonyesha picha yake. Breki, dereva wetu wa gari la mizigo, yule aliyekuwa akisema mapenzi ni homa na dawa yake ni kula vizuri na kulala mapema, ameoa. Ndiyo, ameoa, na kila mchana anakimbia nyumbani kula na mkewe, akirudi anatuambia gari lilipata pancha. Mashine yako namba saba, ile iliyokuwa ikigoma kila Jumatatu mpaka tukasema ina shetani, sasa anashonea mama mmoja mpole aliyehamishwa kutoka kitengo cha mashuka. Haijagoma hata siku moja tangu uondoke.

Sasa nifike kwenye kilichonikalisha. Fundi ameniposa.

Nimeiweka sentensi hiyo peke yake ili uitazame vizuri. Namsema Fundi yule yule, wa mashine, mwenye koti lenye mifuko sita na bisibisi katika kila mfuko. Alhamisi iliyopita, saa ya mapumziko, alikuja kwenye meza yangu ya kukatia na mkasi wangu aliotoka kuunoa, ameufunga kwenye kitambaa kama anavyofanya siku zote. Akaniambia kwamba mwakani anatimiza miaka arobaini, kwamba ameniona mimi ni mtu niliyetulia, na kwamba kama sina pingamizi angependa kuja kuzungumza na Mama. Nilimwomba wiki mbili. Alikubali, akanishukuru kana kwamba nimempisha kiti. Leo zimebaki siku kumi na moja.

Najua unachojiuliza, kama dada yako anakuringia. Ningekuwa nakuringia ningeandika herufi kubwa. Miaka sita nimemtaka mwanamume huyo, Chiriku. Hukujua, kwa sababu mimi nikipenda nanyamaza, na wewe ukipenda hata jirani wa nyumba ya tatu anajua. Lakini kuna jambo la siku ile ya mchezo wa kuigiza ambalo nimelikalia miaka mitatu, na siwezi kumjibu Fundi ndiyo wala hapana kabla hujalijua. Nakuomba usome mpaka mwisho. Ningekupigia simu, ila simu iko ofisini kwa msimamizi na masikio ya msimamizi yako hapo hapo. Isitoshe, kwenye simu wewe huwa hunipi nafasi.

Mchezo wenyewe unaukumbuka, lakini wacha niupitie tena, maana siku hizi nauona tofauti. Karakana ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na Mwalimu, yule mstaafu aliyekuja kutufundisha vipimo, akasema badala ya hotuba tuigize mchezo aliouandika ujanani. Binti wa mfinyanzi anapendana na askari wa lango la mji. Baba mtu amekwisha mwahidi binti kwa mfanyabiashara. Askari anahamishwa, wanaagana langoni, wanapatana kwamba siku atakayorudi, binti akiwa bado anamtaka, ataning'iniza mtandio wake dirishani. Siku inafika, binti amefungiwa chumba cha ndani, dirisha liko tupu. Askari anadhani amekataliwa, anajitupa mtoni. Binti akisikia, anakunywa sumu. Wamekufa wawili kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Wewe ulipewa binti, na nani mwingine angepewa? Mtunza stoo akawa baba. Mama Pasi akawa yaya wa binti, Breki rafiki wa askari, na Fundi, ambaye hakuomba chochote, akawa askari kwa sababu ya urefu wake. Mimi Mwalimu alinitazama, akatazama daftari lake, akasema sauti yangu ni ndogo ila mtu wa karibu anaisikia vizuri, kwa hiyo niwe mnong'onezaji: nikae kwenye kigoda nyuma ya pazia na daftari, na atakayesahau mstari nimpe. Nilicheka moyoni. Kazi hiyo nimekuwa nayo tangu ulipozaliwa. Nani alikufundisha lile shairi la shule, usiku na asubuhi, mpaka ukalijua? Na nani alibebwa juu juu na walimu siku ulipolisoma? Nililijua neno kwa neno, nikiwa nimesimama nyuma ya darasa nimekushikia viatu.

Halafu ile mijadala ya saa ya chai. Mtunza stoo alishikilia kwamba kwenye mchezo mzima mwenye akili ni baba peke yake, kwamba mapenzi ni kama kiatu kipya, unakivaa kwanza, kulainika kutakuja. Mama Pasi akamwambia anyamaze, mapenzi ni kujua nani hanywi chai yenye sukari, na kwamba hawa wanaojiua hawajawahi kumfulia mtu nguo, wangefua wangekosa muda wa kufa. Breki akaleta homa yake. Wewe ukapanda juu ya robota la kitambaa ukatangaza kwamba mapenzi yasiyosemwa mbele za watu si mapenzi, ni woga, na kwamba binti wa mfinyanzi ni mjinga, wewe ungevunja dirisha ukamuuliza askari kwa sauti mji mzima usikie. Tukapiga makofi. Kisha mtu akamuuliza Fundi. Alikuwa amepiga magoti chini ya mashine, akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye hajui sana, ila anafikiri anayekupenda ni yule anayekuja kila siku kutengeneza kilichoharibika. Watu walivunjika mbavu. Mimi niliinama nikajifanya natafuta chaki, maana nilidhani anasema juu ya mkasi wangu.

Hapa nikutolee siri ambayo hata Mama haijui. Mkataji hana mashine, ana mkasi, na mkasi mzuri unakaa miezi bila kuomba msaada. Fundi hakuwa na sababu ya kufika mezani kwangu. Kwa hiyo nilimtengenezea sababu. Wewe ni mshonaji, unajua mkasi wa kitambaa ukikata karatasi unapoteza makali. Nilikuwa nakata karatasi. Wenzangu wakitoka kula, nakata magazeti, bahasha, hata kalenda ya mwaka uliopita. Asubuhi yake namwita Fundi, anakuja, anapitisha kidole gumba kwenye makali, anauchukua, jioni anaurudisha umefungwa kwenye kitambaa. Siku moja aliniambia kwa upole, kama mtu asiyetaka kuniaibisha, kwamba huenda kuna mtu anakatia karatasi mkasi wangu. Nikasema nitachunguza. Nikaendelea kukata.

Na wewe kila Jumatatu unapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukumbi kwamba namba saba imegoma tena. Alikuwa anafika kabla hujamaliza kumwita. Nilijiambia anakimbia ili unyamaze.

Kisha mkaingizwa kwenye kazi ya ziada ya sare za shule, ukawa huji kwenye mazoezi, na Mwalimu akaniambia nisome mistari yako mbele ya Fundi ili asipoteze muda. Tulitumia meza yangu kama lango. Yeye upande ule, mimi upande huu, katikati robota la kaki. Fundi hashiki neno kwa kusoma. Neno linamwingia kwa sikio. Nikimnong'onezea mara moja, analitoa vizuri mpaka unadhani ni lake. Alifika mahali hasemi sentensi mbili bila kunitazama, na akikwama kabisa anagusa kifungo cha juu cha kola. Nikikiona kidole kwenye kifungo, namrushia mstari. Mwezi mzima, Chiriku, mwanamume yule aliniambia jioni baada ya jioni kwamba angenisubiri hata lango liote nyasi. Najua ni mimi niliyekuwa nikimpa maneno hayo. Nilikuwa nampa kwa mkono mmoja na kuyapokea kwa mwingine, na nikirudi nyumbani nakukuta umetumbukiza miguu kwenye beseni, unamsimulia Mama jinsi mikono ya Fundi inavyonukia mafuta ya cherehani. Nilikufokea kwamba unamwaga maji. Hakukuwa na maji yaliyomwagika.

Siku nne kabla ya mchezo alibaki nyuma wenzetu walipotoka. Akasema ana ombi, kuna mtu anataka kumwambia jambo lakini hajui kuzungumza, naye ameona mimi maneno nayaweza. Nilishika meza. Nikajitengeneza uso. Sentensi ya kwanza nilidhani ni mimi, ya pili nilidhani ni mimi. Kwenye ya tatu alitaja jina lako. Hakusema Chiriku. Alilitaja jina lako halisi, ambalo karakana nzima hailitumii, na akalitamka polepole kama kitu ambacho amekuwa akijifunza.

Alikuwa ameyachukua kwa uzito yale uliyoyatangaza juu ya robota. Kama mapenzi lazima yasemwe mbele za watu, basi atayasema mbele ya karakana nzima, palepale langoni, kwa maneno yake mwenyewe yasiyo kwenye daftari. Mimi niyaandike, na siku yenyewe nimnong'onezee, maana peke yake angekwama. Akaniomba pia nikuambie hivi: ukisikia maneno mageni, na ukikubali, udondoshe mtandio wako mikononi mwake. Kwenye daftari binti anaondoka nao mabegani.

Niliyaandika alivyoniambia. Nilikunja karatasi nikaiweka kwenye daftari mahali pake.

Asubuhi ya mchezo nilikuwa nakushonea pindo la gauni ukiwa umelivaa, ukumbini nyuma ya pazia. Nikakuambia. Ulipiga kelele ya furaha, ukaruka, nikakuchoma sindano ya kifundoni, nikasema samahani, bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Na nilikuambia mambo mawili, sijui kama unakumbuka. La kwanza, akiyasema na ukikubali, dondosha mtandio. La pili, asipoyasema, ujue amefikiri upya, usimuulize, usimwaibishe mtu mzima. La kwanza lilitoka kwa Fundi. La pili niliongeza mimi, na mpaka leo sijui kama nilikuwa nimeshapanga au ulimi uliniponyoka tu.

Wewe unachokijua kinaishia hapa: mlifika langoni, ukumbi umejaa, watu wa ofisi wamekaa mbele, mchana kweupe jua linaingia madirishani, na Fundi akanyamaza. Kisha akakuaga kwa mstari wa kwenye daftari, ukasimama kidogo, ukaondoka na mtandio wako. Msimamizi alilia hadharani. Watu wakasema haijapata kutokea mtu kuigiza huzuni namna ile.

Mimi nilikuwa umbali wa mikono miwili. Fundi alipofika mahali pa maneno yake, aligusa kifungo cha kola. Nilikiona kidole. Karatasi ilikuwa mapajani mwangu, imefunguliwa, na mwandiko ni wangu, sikuwa na sababu hata ya kuusoma. Nilifungua mdomo. Nilikuona wewe kupitia upenyo wa pazia, umeshika mtandio kwa vidole viwili, tayari, uso wako umewaka, na nikaona wivu. Nasema wivu kwa jina lake. Wala sikumhurumia binti wa mfinyanzi. Nilifikiri: huyu amepewa sauti, amepewa uso, amepewa shairi langu, na sasa nimpe na hiki kwa mdomo wangu mwenyewe? Fundi akagusa kifungo mara ya pili. Akageuza macho kwenye pazia, mbele ya watu wote, akinisubiri. Nikafunga mdomo. Nilipoona anataka kufungua wake bila mimi, nikamrushia haraka mstari uliofuata kwenye daftari, kwamba kwaheri, lango linafungwa. Naye, masikini, kwa mazoea ya mwezi mzima, akausema.

Laiti ningeishia hapo ningesema ni udhaifu. Sikuishia hapo.

Tulipokuwa tunakunja mapazia alinifuata. Alidhani karatasi ilipotea, hakunilaumu hata kidogo. Akaniomba nikuambie kwamba alikwama, kwamba maneno anayo, umpe nafasi Jumatatu. Nikaenda nje. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi umevua viatu, ukaniuliza kama nimezungumza naye. Nikakuambia ndiyo, na kwamba amesema ilikuwa mzaha wa jukwaani, tusiukuze. Nikarudi ndani, nikamwambia Fundi kwamba umecheka, na umesema mwanamume anayehitaji kunong'onezewa mapenzi amtafute mnong'onezaji amwoe. Nililichagua neno hilo kwa sababu linafanana na wewe. Ndivyo unavyotania, alilisikia kwa sauti yako, akaamini papo hapo. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja pazia mpaka likaisha.

Siku nne baadaye likatoka tangazo la watu wa kwenda tawi jipya, ukaandika jina lako wa kwanza. Mama alilia wiki nzima. Nilimfariji, nikamwambia vijana lazima watembee. Wewe uliyesema ungevunja dirisha ukauliza, hukuuliza. Sikulaumu. Nilikuwa nimeziba dirisha kwa mwili wangu mzima.

Sasa utasema, imekuwaje leo nitubu, wakati nimeshapata nilichokitaka. Usidhani nimekuwa mwema. Alhamisi, Fundi alipokuwa akiniposa, alikwama katikati. Akagusa kifungo cha kola, akanitazama, akisubiri nimpe maneno ya kunioa. Na mimi nilikuwa nayo, Chiriku, ninayo miaka sita. Kisha, alipoona simpi, akayatafuta mwenyewe, na alichokipata kilikuwa wewe. Aliniuliza kama huwa unaandika, kama kule wanakulisha vizuri, na akasema anataka nijue kwamba hana kinyongo na wewe kwa lile neno lako, hata kidogo, ulikuwa mtoto. Mtu ananiposa, na wewe umekaa mezani katikati yetu, huko uliko mbali, bila hata kujua. Niliona maisha yangu yote yatakavyokuwa. Kila akinyamaza nitajiuliza anamwaza nani. Kila barua yako ikija nitaifungua mimi kwanza. Nitamlinda mume kama mtu anayelinda mali ya wizi, na mwizi mwenyewe ni mimi. Nimechoka kukuonea wivu. Nataka, kama nitachaguliwa, nichaguliwe na mtu anayejua kulikuwa na nani upande wa pili wa lango. Na kama sitachaguliwa, basi na liwe wazi, nilie nimalize.

Barua hii inaondoka kesho asubuhi, itakufikia Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo, saa ya mapumziko, nitamwambia Fundi yote niliyokuandikia hapa, mbele ya meza yangu, bila kupunguza. Nimejiapia. Huenda asitake tena kuniona mimi, wala kukutafuta wewe. Hiyo ni haki yake. Lakini kwenye bahasha kubwa utakuta mtandio ule mwekundu ulioutupa kwenye kapu la mabaki siku unafunga mizigo. Niliuokota. Nimeufua na kuunyoosha, Mama Pasi mwenyewe alinipigia pasi bila kujua ni wa kazi gani. Ukiwa bado unamtaka, urudishe kwa posta kwa jina lake, karakana. Hana haja ya barua, nitakuwa nimeshamweleza maana yake. Usipourudisha, nitajua umepata maisha mengine, nami sitauliza, na huo utakuwa ukweli safari hii.

Na ile karatasi ninayo. Nilimwacha Fundi aamini imepotea. Ningeweza kukutumia yenyewe, lakini kwa kuwa kosa langu lilikuwa la kutosema, nataka niyaseme. Haya ndiyo maneno niliyoyameza, soma kwa sauti yake, yale mapumziko marefu uyaweke mwenyewe:

"Mimi si askari, na wewe si binti wa mfinyanzi. Mimi ni fundi wa mashine. Ulisema yasemwe mbele za watu, basi wapo. Namba saba haina ubovu. Kila Ijumaa jioni mkiondoka nailegeza skrubu moja, ili Jumatatu uniite. Nimefanya hivyo mwaka na nusu. Ukinikubali, dondosha mtandio, nami nitaikaza."

Basi, mdogo wangu, nimekunong'onezea. Nimechelewa miaka mitatu, na ukinitukana nitakaa kimya kama nilivyokaa siku ile, ila safari hii nitakuwa nastahili. Nilikuwa nalegeza na mimi, nadhani unaelewa. Sote wawili, yeye na mimi, tulikuwa tunaharibu vitu vizima ili mtu aje. Tofauti ni kwamba mimi niliharibu na kisichokuwa changu.

Mama anauliza nimefika wapi na kama nimekuandikia habari za goti. Nimemwambia ndiyo. Anasema uvae soksi. Wasalimu wote wanaokutendea wema huko, na yule mwenye nyumba wako asiyependa kuimba. Kunywa maji ya moto kwa ajili ya kikohozi. Kama hutaniandikia tena, mwandikie Mama.

Ni mimi dada yako,
Mkasi.

Nimesahau hili: nimeacha kukatia karatasi tangu Alhamisi. Ukurasa huu nimeuchana kwa mkono, ndiyo maana ukingo wake uko hivyo.